Ua Ulioota Majani

Paukwa?
Pakawa!
Palikuwa na bustani?
Palikuwa!
Ya nani?
Ya aliyelima!
Aa, mnasema tu. Sikilizeni ilivyochukuliwa.

Bi Sungura alilima kando ya mto. Alilima mwenyewe, jembe lake kwatu, kwatu, kwatu, na watoto wake nyuma wakiokota magugu. Akapanda mchicha, akapanda bamia, akapanda kunde. Mboga zikakubali. Siku ya kuchuma, maji yakafanya bwaaa, akatoka Kiboko.

Kiboko hakuwahi kushika jembe tangu azaliwe. Alikaa kitako juu ya tuta la mchicha, akala, akapiga mbweu. Kisha akawaita wanyama wote, akawatangazia kwamba bustani ni yake, kwa sababu iko karibu na maji, na maji ni yake. Tena sungura wamezidi wizi, kwa hiyo uwekwe ua. Na ua huo ataujenga nani? Wataujenga sungura wenyewe.

Mmesikia jambo hilo? Unyang'anywe mboga, uitwe mwizi, kisha utokwe jasho ukijifungia nje! Wanyama wakatazama chini. Swala akajikuna mguu usiomwasha. Bi Sungura moyoni alikuwa anachemka, maana watoto wangekula nini?

Akauliza jambo moja tu, kwa adabu. "Mzee, tukishajenga, mpaka wako utaishia wapi?"

"Ndani ya ua ni kwangu," akasema Kiboko. "Nje kuleni chochote mnachokiona. Mimi sina haja na takataka zenu."

Bi Sungura akawageukia wanyama, akawauliza kama wamesikia. Wakasema wamesikia.

Basi yeye na watoto wakaenda kwenye shamba kuukuu la mihogo kule mlimani, wakakata mashina, wakaja kuyachomeka kuizunguka bustani. Chomeka, kandamiza. Chomeka, kandamiza. Kila kijiti kimelala kidogo, macho yake juu. Kiboko akaja kukagua, akauliza mbona vijiti vimelala kama vimelewa. Bi Sungura akamjibu kwamba ndivyo vinavyoshika ardhi vizuri. Wala hakusema uongo. Mkulima yeyote angecheka palepale, lakini Kiboko mkulima? Mkulima wa mdomo.

Mvua ikanyesha, chwaa, chwaa, chwaa. Ua ukaota majani.

Watoto wa Sungura wakaja na vikapu, wakachuma kisamvu upande wa nje, kachu, kachu, kachu. Kiboko akatoka majini amefura, akataka kujua wanakula nini.

"Tunakula cha nje, mzee," akasema Bi Sungura. "Kama ulivyosema."

Kiboko akainua mguu auvunje ua. Akaushusha. Akiuvunja, sungura wataingia. Asipouvunja, sungura wanakula. Ikabidi aulinde mchana kutwa, juani, ngozi ikimpasuka, huku mchicha wake ukimezwa na magugu, maana wa kupalilia alikwisha kuwafungia nje.

Msimu ukapita. Mihogo ikanenepa, ikatambaa chini kwa chini ikatokea nje. Sungura wakachimba, kwatu, kwatu, kwatu, wakang'oa shina baada ya shina, mpaka ua mzima ukaingia chunguni. Kule ndani kukabaki magugu na Kiboko.

Kiboko akaenda kwa Bi Sungura, akapiga hodi. Ndiyo, yeye, aliyeingia bustani ya mtu bila hodi.

"Bi Sungura," akasema, "sungura watanimalizia bustani yangu. Nijengee ua mwingine."

Bi Sungura alikuwa anamenya muhogo. Alitamani kumtapikia yote aliyoyameza tangu siku ile. Badala yake akainuka, akachukua panga.

"Tutakujengea, mzee," akasema. "Na safari hii tutauzungusha mara mbili."

Ngano yangu imekomea hapo uani. Ikiwa tamu, tafuneni wote. Ikiwa chungu, mpelekeeni Kiboko.

Na funzo lake, kwa kuwa nimeambiwa lazima liwepo, ni hili: watoto, mkubwa akikunyang'anya chako kisha akakutuma kazi, usimbishie. Itika, inama, ifanye kazi yake kwa moyo wote. Mmeona wenyewe Bi Sungura alivyokuwa mtiifu.