Ua la Theluji na Kaa la Moto

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, na aliye karibu na kuni asilale.

Zamani, kiberiti kilipokuwa hakijafika mlimani, mvua ilinyesha mpaka ikazima kila jiko kijijini kwa Ndekusura. Binti yake Mkunde alikuwa akitetemeka kwa homa, meno yanagongana. Mama mkwe akampakata mtoto, akasema, "Nenda ng'ambo ya mlima ukaombe moto. Kaa likififia, lipulizie. Na usisimame njiani, mke wa mwanangu."

Ndekusura akajifunga kaniki, akaenda. Akapewa kaa moja, limefukiwa majivuni ndani ya chungu. Akageuka kurudi.

Huko juu theluji ikaanza kuanguka. Chembe moja ikatua kwenye kaniki yake nyeusi. Akainama. Kumbe si unga! Ni ua, dogo kuliko punje ya mtama, lina mikono sita, na kila mkono umeota vijikono, vyote sawasawa.

"Nani kakuchonga?"

"Baridi," likajibu ua. "Nilikuwa chembe ya vumbi mawinguni. Mvuke ukanigandia, nikaota pembe sita. Kila hewa niliyopita ilinichonga upya, mikono yote kwa pamoja. Wenzangu wamepita hewa nyingine, ndiyo maana hatufanani. Nitazame, lakini zuia pumzi. Ukinipumulia, nakufa."

Akazuia pumzi.

Chunguni kaa likaita, "Mama, pumzi!"

"Ngoja kidogo."

Likatua la pili, lina manyoya kama ya ndege. Akazuia pumzi.

"Mama, pumzi!"

"Ngoja kidogo, nakuja."

Pimbi akachungulia kutoka mwambani, akacheka. "We mama! Huko kwenu mmeshiba nini hata unakagua maua?"

"Nyamaza, huna hata mkia! Utaliyeyusha."

Likatua la tatu, bapa, linang'aa. Akazuia pumzi. Kaa likaita kwa sauti ndogo sana. Hakulisikia.

Macho yalipochoka, akakumbuka, akafunua chungu. Akapuliza. Akapuliza. Akapuliza. Majivu yakamrukia usoni, baridi.

Akakimbia mpaka nyumbani. Mama mkwe alikuwa bado amempakata Mkunde, ila amekwisha kumfunika uso.

"Moto uko wapi?"

Ndekusura akamwonyesha chungu.

Mama mkwe akachungulia majivu. "Ulikutana na nini huko?"

"Maua, mama."

"Nionyeshe."

Ndekusura akaitazama kaniki yake. Ilikuwa imelowa tu.

Walimzika Mkunde mgombani. Yale majivu ya chunguni aliyamwaga uani, upepo ukayabeba juu, juu, mpaka mawinguni. Jioni mlima ukawa mweupe, watu wakatoka kuutazama, wakausifu. Ndekusura alikuwa anatwanga. Hakuinua kichwa.

Nami nimekomea hapo. Haya, wewe uliye karibu, puliza huo moto.