Mkate wa Watu Kumi na Wawili

Bahari haioshi haki.

Bibi Tausi aliitamka methali hiyo huku akivua miwani. Mjukuu wake Zuhura alikuwa amemaliza kumsomea mkataba wake wa kazi ya ng'ambo, wenye mstari unaosema pasipoti yake itakaa kwa mwajiri; wakala alikuwa amemweleza kwamba eti ndiyo desturi ya huko. Zuhura na nduguye Shomari hawakuwa wamewahi kuisikia methali hiyo, wakauliza imetoka wapi. Bibi, aliyekaa mahakamani miaka kumi na mitatu akiwa mzee wa baraza, hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, Amerika ilipokuwa bado koloni la Waingereza, palikuwa na mji mdogo wa pwani ulioitwa Harwen. Watu wake walikuwa wamehama Uingereza na kila kilichobebeka: vyungu, majembe, mbegu, na tabia ya kubishana. Walibeba pia desturi ya babu zao, kwamba hata mfalme hamfungi mtu mpaka majirani kumi na wawili waisikilize kesi na kukubaliana kuwa ana hatia. Majirani hao walifungiwa chumbani bila chakula, bila maji, bila moto, mpaka wawe na neno moja. Ni njia ya ajabu ya kutafuta ukweli, lakini kurithi ni kurithi, huchagui.

Mwoka mikate wa mji huo, Gideoni Pell, alikuwa na mtumwa aliyemwita Toma. Jina lake hasa lilikuwa Kwabena. Hilo la Toma alibandikwa gatini siku aliyoshushwa melini. Aliyebaki kumwita Kwabena alikuwa mkewe, Esi, naye alikuwa mtumwa wa Gideoni vilevile. Na Jumamosi ya wiki hiyo Esi alikuwa apakiwe melini, apelekwe visiwa vya mashamba ya miwa, kwa kuwa Gideoni alikwisha kupatana na nahodha. Kwabena alikanda unga huku akihesabu: leo Jumatano, kesho Alhamisi.

Jumatano hiyo fundi mapipa mmoja, Silasi, alishtakiwa kwa kusema sokoni kwamba hata Gavana yuko chini ya sheria. Gideoni aliitwa awe mmoja wa wale kumi na wawili. Gavana alifurahi, maana mji mzima ulijua kwamba Gideoni na Silasi hawapikiki chungu kimoja. Silasi ndiye aliyevumisha kuwa mikate ya Gideoni ina unga wa mbao.

Lakini wale kumi na wawili walitoka wakasema, "Hana hatia." Jaji akawarudisha ndani wakafikiri upya. Alhamisi wakatoka midomo imewapasuka kwa kiu, na neno lao lilelile. Kwabena alikuwa nje chini ya dirisha la mahakama na kapu la mikate. Askari walimkatalia kuingia, naye aliogopa kurudi nyumbani bila bwana wake. Ubao wa dirisha ulikuwa umevunjika, kwa hiyo alisikia yote.

"Mnanichezea," alisema Jaji. "Desturi hiyo ni ya Uingereza. Hapa ni koloni, na bahari nzima iko katikati. Semeni ana hatia, mkale."

Gideoni aliushika ukingo wa benchi asianguke. "Mheshimiwa Jaji, huyu Silasi simpendi, na kila aliyemo humu anajua. Lakini nilipovuka, maji yaliingia melini. Unga wangu uliharibika, nguo za mke wangu zikaoza. Haki yangu haikulowa. Bahari haioshi haki. Hana hatia."

Watu walipiga miguu sakafuni mpaka vumbi likapanda. Jaji aliwatazama, akaona mji mzima hauwezi kufungiwa chumbani. Silasi akaachiwa.

Wale kumi na wawili walikwenda moja kwa moja kwenye duka la mikate, na Kwabena akaingia nyuma yao na kapu lake. Gideoni alinyoosha mkono. Kwabena alilishika kapu kifuani kwa kitambo, akawatazama mmoja mmoja. Njaa aliijua inavyomfanya mtu. Kisha akaliweka mezani.

"Kuleni kwanza," alisema. "Mimi simnyimi mtu chakula ili anipe hukumu ninayoitaka."

Wakala. Taya zilipopunguza mwendo, akasema tena, "Bwana, unga wako ulivuka bahari. Mimi na Esi nasi tulivuka. Ni majirani gani kumi na wawili waliosikiliza kesi yetu?"

"Toma, hayo ni mambo mengine."

"Naitwa Kwabena. Na humu mko kumi na wawili. Niambieni, Esi ana hatia gani hata Jumamosi achukuliwe?"

Mshona viatu, mkubwa wao kwa umri, aliusukuma mkate wake kando. "Gideoni, nimeshinda siku mbili na njaa kwa ajili ya swali dogo kuliko hili. Hana hatia."

"Hana hatia," akasema wa pili. Wakaendelea hivyo, wengine kwa kuona haya, wengine wakitazama meza, mpaka akabaki Gideoni peke yake.

"Hana hatia," alisema, kwa sauti ndogo kuliko ile ya mahakamani.

Jumamosi meli iling'oa nanga bila Esi. Lakini msidhani Gideoni aliwapa uhuru siku hiyo. Aibu humfikisha mtu nusu ya njia. Ilipita miaka minne mpaka Kwabena aliposimama mwenyewe mbele ya majirani kumi na wawili wengine, Silasi akiwa shahidi wake, akatoka na mkewe pasipo bwana yeyote nyuma yao. Baadaye nchi ile ilijitenga na mfalme, ikaiandika desturi ya kuhukumiwa na majirani katika katiba yake, wala haikuona vibaya kwamba imetoka kwa mfalme iliyemkataa. Watu wengi kama Kwabena waliachwa nje ya maandishi hayo muda mrefu, na hilo nalo lisemwe. Watu wa Harwen walidai methali ni ya Gideoni. Gideoni aliisema tu. Aliyejua maana yake ni yule aliyekuwa chini ya dirisha.

Bibi Tausi alivaa miwani, akamsogezea Zuhura mkataba. "Hebu soma tena hapo kwenye pasipoti."

Zuhura alisoma. Akachukua kalamu, akaukata mstari ule.

"Wakala akiniuliza, nimwambie nini?"

"Mwambie bahari haioshi haki."