Nafasi ya Eliwaza

Sogeeni karibu. Anayetaka kwenda msalani aende sasa hivi, maana mwishoni nitawauliza swali, na sitaki kusikia mtu akisema hakuwepo.

Katika milima ya Upare, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila kupiga hodi, palikuwa na shule ya bweni ya wasichana, nami nilisoma hapo. Katika kidato cha nne cha shule hiyo walikuwamo wasichana watatu, kila mmoja na kipaji chake. Nakijwa alikuwa na kichwa cha kubuni. Ukimpa jambo lililochoka, analirudisha likiwa jipya. Ghati, aliyetoka Tarime, alikuwa na jicho. Akishika kamera anasubiri na kusubiri mpaka mtu asahau kwamba anapigwa picha, ndipo anabonyeza. Zaituni wa Korogwe alikuwa na mkono. Mpe picha na maneno yaliyotapakaa, atayapanga kwenye kompyuta mpaka kila kitu kikae kama kilizaliwa hapo.

Palikuwa na rafiki yao wa nne, Eliwaza. Huyu hakupenda kupigwa picha. Kamera ikiinuliwa tu, anageuza shingo. Walimcheka, kisha wakamzoea. Likizo ya Juni akaenda nyumbani, akashikwa na homa, na shule ilipofunguliwa hakurudi. Wenzake walipata habari akiwa amekwisha kuzikwa.

Mama yake alikuwa mjane na hakuwa na mtoto mwingine. Alipotafuta picha ya kuweka ukutani, alipata masikio na visogo. Ile moja ya utotoni ilikuwa imefifia, haionyeshi kitu. Wale wasichana watatu walipoenda kumpa pole, aliwaambia kwamba msiba ameupokea, ni kazi ya Mungu, lakini lipo jambo linalomtisha kuliko msiba wenyewe. Alikuwa ameanza kuusahau uso wa mwanawe.

Basi ukafika wakati wa kutengeneza kitabu cha mahafali. Ni desturi ya shule ile, kila kidato cha nne huacha kitabu chenye picha za wote. Madamu Mrutu, mwalimu wa Kiswahili, akawakabidhi kazi watatu wale kwa sababu ya vipaji vyao.

Wa kwanza kufanya kazi alikuwa Nakijwa. Alivitoa vitabu vya miaka iliyopita akavipanga mezani. Jalada la hiki lilikuwa na barabara na jua likichomoza. Jalada la kile lilikuwa na barabara na jua likizama. Akasema mtu atadhani shule hii inafundisha udereva. Walimletea mawazo ya ngazi, ya ndege wanaoruka, ya mwenge, yote akayakataa. Mwishowe akasema kila mmoja wao ana mahali pake, pale ambapo ukimkosa bwenini unajua utamkuta. Mmoja ni wa bombani, mwingine wa ngazi za maktaba, mwingine wa mlangoni mwa jiko siku ya makande. Kila mtu apigwe picha mahali pake, na kitabu kiitwe *Nafasi Zetu*. Wote wakapenda. Kisha mmoja akauliza kwa sauti ndogo, Eliwaza je?

“Anayo nafasi yake,” Nakijwa akasema. “Mwisho wa benchi, dirishani, chumba cha kujisomea. Nani kati yenu amekwisha kupakalia?”

Hakuna aliyekuwa amethubutu.

Wa pili alikuwa Ghati. Alienda mchana, wenzake wakiwa bwaloni. Madamu Mrutu alikuwa amemshauri aweke ua juu ya benchi, maana picha ya benchi tupu ni picha ya benchi tu. Ghati hakuweka ua. Aliketi sakafuni na kamera yake akasubiri, vile vile anavyowasubiri watu. Alinisimulia mwenyewe kwamba hakuona kitu wala hakusikia kitu. Ila ilifika mahali akahisi kwamba sasa inatosha, kama mtu anayepigwa picha amekwisha kusahau kamera, akabonyeza. Kwenye kioo cha kamera kulikuwa na benchi, dirisha, na ukungu nje. Akatoka mbiombio na hakumwambia mtu.

Wa tatu alikuwa Zaituni. Picha za wengine alizipanga nne nne, lakini benchi lile akalipa ukurasa mzima, na ukurasa wa pili akauacha mweupe, ili mwenye neno la kumwambia Eliwaza aliandike. Sasa nyinyi mliowahi kuandika Kiswahili kwenye kompyuta mnajua taabu yake. Ile mashine haiijui lugha yetu. Kila neno inalipigia mstari mwekundu, liwe sahihi, liwe kosa, na wewe unazoea kuipuuza kama mtoto anayelia ovyo. Zaituni aliandika jina la kitabu, mstari mwekundu ukaja, akaupuuza. Akalinakili jina lile juu ya kila ukurasa, akatuma kazi mjini kwa wachapaji.

Vitabu viliporudi, maboksi yakafunguliwa bwaloni mchana kweupe. Kwanza wasichana walicheka. Herufi moja ilikuwa imetoroka. Juu ya jalada, na juu ya kila ukurasa, badala ya *Nafasi Zetu* paliandikwa *Nafsi Zetu*.

Walicheka mpaka walipofika ukurasa wa benchi. Kwenye kioo cha dirisha, juu ya mwisho wa benchi, palikuwa na uso. Haukugeuka pembeni. Ulikuwa unamtazama aliyefungua.

Zaituni alikimbilia kompyuta. Kule picha ilikuwa ya benchi tupu. Wakafungua kitabu kingine, Eliwaza yumo. Kingine, yumo. Madamu Mrutu akasema ni wino umevuja, halafu akasema ni ukungu, lakini nilimwona akikilaza kitabu chake kifudifudi. Hofu ikatanda bwenini. Wapo walioziunganisha zile kurasa mbili kwa uji mzito zisifunguke tena. Benchi lenyewe lilihamwa na wote waliokuwa wakilikalia, hata wale wa mwisho wa upande wa pili.

Wakaanza kutafuta aliyemwita marehemu, na wale watatu wakaruka, kila mmoja akikana kivyake.

“Mimi nilisema nafasi,” akasema Nakijwa. “Nafasi ni mahali. Sikumwita mtu.”

“Mimi nilipiga picha ya benchi,” akasema Ghati. “Kamera yangu haikuwa na uso wowote.”

Zaituni alikuwa analia. “Mimi niliruka *a* moja tu. Nani hapa hajawahi kuruka *a*?”

Siku ya mahafali ikafika, na mama yake Eliwaza akaja, kwa kuwa alikuwa amealikwa kabla ya vitabu kurudi, na hakupatikana mwenye ujasiri wa kumzuia. Akapewa kitabu kama wazazi wengine. Kilikuwa kimoja cha vile visivyopakwa uji. Alifungua taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, na sisi tukawa tunahesabu kwa macho mpaka afike pale.

Alipofika hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa, akaweka kidole juu ya karatasi, chini kidogo ya jicho la kushoto.

“Kidoti hiki,” akasema. “Nilikuwa nimekisahau kidoti hiki.”

Kisha akalia kilio ambacho nadhani alikuwa amekiahirisha tangu Juni, na wazazi waliokuwa wamekaa naye wakalia, hata wale wasiojua kisa.

Alipotulia aliomba kuonyeshwa aliyefanya kazi ile. Wakaletwa watatu, wakamwamkia, “Shikamoo mama,” naye akaitikia, “Marahaba wanangu.” Akawauliza ni nani kati yao amemrudishia mwanawe. Walitazamana, wakidhani wanashtakiwa. Yeye akaendelea.

“Nyumbani kwangu kuna nafasi,” akasema. “Kitanda kipo. Kigoda chake cha jikoni kipo. Nikipakua chakula sina wa kumwita. Aliyemrudisha Eliwaza awe mwanangu, aje kwangu kama anayekuja kwao, nimlee na nimzeekee. Ila nafasi ni moja, wanangu. Nguvu za kuanza na watatu sina.”

Hapo ndipo mngeshangaa. Wale waliokuwa wakiruka jana, leo kila mmoja alisogea mbele. Wote walikuwa na kwao, wote walikuwa na mama zao. Lakini walikuwa wameishi juma zima wakiitwa wachawi, na sasa mtu alikuwa anawaambia kwamba walichofanya ni jambo jema. Walilitaka neno hilo kama mgonjwa anavyotaka maji.

Nakijwa akasema kwamba bila wazo lake Eliwaza asingekuwamo kitabuni kabisa, maana vitabu vya barabara na jua havina ukurasa wa marehemu. Ghati akasema kwamba wazo halina macho. Mwingine angeweka ua akaondoka, lakini yeye alikaa akamsubiri, na anayesubiriwa ndiye hufika. Zaituni akajifuta machozi akasema kwamba kwenye kamera hapakuwa na mtu na kwenye wazo hapakuwa na mtu. Benchi lilikuwa tupu mpaka alipoandika nafsi pale palipotakiwa nafasi, na kama ni kosa, basi ni kosa lake mwenyewe, asinyang'anywe.

Mama aliwasikiliza mmoja mmoja, kidole chake kikiwa bado kati ya zile kurasa, akashindwa kuchagua. Akamgeukia Madamu Mrutu, na Madamu akatazama chini. Ndipo Zaituni, ambaye kazi yake ni kupanga vitu mahali pake, akamuuliza mama.

“Mama, kama kweli amerudi,” akasema, “huyo utakayemchukua atakaa wapi?”

Mama alikitazama kitabu, akawatazama wasichana, akakitazama kitabu tena.

Mimi mpaka hapo nimemaliza ya kwangu, yaliyobaki ni yenu. Yuko aliyetoa wazo, yuko aliyesubiri, yuko aliyekosea herufi. Ukimtoa mmoja, mama anarudi nyumbani bila uso wa mwanawe. Nafasi ni moja, na huenda aliyeiacha amekwisha kuikalia.

Je, wewe ungeamua vipi?