Msemaji wa Vyungu Viwili

Zamani, wanyama walipokuwa wakisengenyana kama sisi, mvua iligoma hata mto ukakauka. Simba akaamuru kisima kichimbwe. Wachimbaji wakapikiwa chungu kikubwa cha uji. Wale ambao kazi zao zilikufa pamoja na mto, kama Kiboko aliyekuwa akiwavusha wenzake mgongoni, wakawekewa chungu kidogo chini ya mgunga. Uji wa chungu hicho ulitoka kwenye fungu la wachimbaji, upawa mmoja kutoka kwa kila mchimbaji.

Fisi alikuwa mchimbaji, kwa maana kwamba alisimama karibu na shimo. Kwenye jembe lake aliegemeza kidevu tangu asubuhi. Mdomo wake, hata hivyo, haukupumzika, naye aliamini kabisa kwamba hakuna aliyechoka kama yeye.

"Jasho litutoke sisi, uji wanywe wao!" alifoka. "Kiboko yule, na tumbo lile! Kupe wakubwa!"

"Umenena, ndugu yangu," alisema Ngiri, ambaye mgongo ulimuuma kweli.

Uji ulipokwisha, Fisi alijificha nyuma ya kichuguu, akajipaka majivu mwili mzima, akafunga mguu mmoja kwa gome, akatokea chini ya mgunga akichechemea, jambo ambalo halikumpa taabu yoyote. Huko aliitwa Mzee Majivu, akanywa bakuli la pili. Hakujiona mwizi hata kidogo. Alijiona mnyonge, akajihurumia mpaka akaongezwa.

Siku moja Sungura, mpishi wa vyungu vyote viwili, akampimia nusu upawa.

"Niwie radhi, mzee wangu. Fisi amewachochea wachimbaji, wamepunguza."

"Fisi!" Mzee Majivu alitetemeka kwa hasira ya kweli. "Mlafi asiye na haya! Siku nikimtia mkononi!"

Kiboko akafuta machozi. "Umesema yaliyo moyoni mwetu, mzee. Wanangu jana wamelala na njaa."

Sungura aliutazama mguu uliofungwa gome. Jana ulikuwa wa kushoto. Akashika njia kwenda kumpelekea Simba ugomvi wa vyungu viwili.

Simba, asiyependa kelele zisizo zake, akaita baraza. "Mmenichosha! Kila upande ulete msemaji mmoja. Wachimbaji wakishinda, chungu kidogo kitavunjwa leo hii."

Wachimbaji wakamchagua Fisi kwa kauli moja. Wa chini ya mgunga wakamchagua Mzee Majivu, nao kwa kauli moja. Hakuna mnyama aliyewahi kupewa heshima kubwa kama hiyo, wala aliyewahi kutamani ardhi immeze kama yeye.

Akaenda nyuma ya kichuguu, akawaza, akajipaka majivu ubavu mmoja tu. Barazani akasimama katikati: wachimbaji wakauona ubavu safi, wenye njaa wakauona wa majivu. Simba alikuwa akitazama mbali, kama wakubwa watazamavyo.

"Kupe!" Fisi alifoka upande huu.

"Mlafi!" akajijibu upande wa pili.

"Fanyeni kazi!"

"Kazi! Wewe umeshika jembe lini?"

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Akageuka ajitetee, akageuka tena ajijibu, akazunguka na kuzunguka, na kwa mara ya kwanza tangu kisima kianze, Fisi akatokwa na jasho. Likateremka ubavuni, likayachukua majivu yote.

"Ndugu Fisi?" aliuliza Ngiri.

"Mzee Majivu?" aliuliza Kiboko.

Fisi akajitazama. "Nimegombana na wengi," alisema kinyonge, "lakini mkorofi kama huyu sijapata kumwona."

Ngiri akaangua kicheko, Kiboko akafuata, wakacheka mpaka wakaegemeana. Simba peke yake hakucheka.

"Chungu kidogo kibaki," akasema. "Na wewe utachimba mpaka maji yatoke. Uji wako wataunywa watoto wa Kiboko kwanza, kisha utakomba watakachobakiza."

Jioni Fisi alikaa na chungu, viganja vimejaa malengelenge. Watoto wale hawakubakiza kitu. Akafumbua mdomo awalaani walafi wote wa dunia, akakumbuka, akaufumba.

Wahenga hawakumsingizia: njia mbili zilimshinda fisi.