Kijiti cha Mpera

Kijiti cha mashine hakiazimwi. Ndivyo mama yenu alivyomjibu jirani asubuhi hii, alipokuja kuomba mfuniko wa kisima chetu aanikie dagaa, na mmeona jirani alivyocheka akaenda zake bila kununa. Sasa mnaniuliza ni mashine gani, maana hapa kwetu hakuna mashine. Kaeni. Methali hii ilianza hivi, na msidhani nilisimuliwa. Mimi nilikuwamo, tena upande mbaya.

Bibi yenu Tusekile, aliyemzaa mama yenu, hamkumkuta. Alikuwa mke wa mdogo wangu Ambilikile, hapa hapa Rungwe, na alikuwa msusi. Hakuwa na saluni. Alisukia barazani, amekaa kwenye kigoda. Wasichana wa kipaimara, maharusi, wote walipita magotini pake. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, hata mtoto mliaji alisinzia akisukwa.

Walikuwa na ng'ombe wanne wa maziwa. Kukatakata majani kwa panga kulimchosha mdogo wangu, akanunua mashine ya kukatia majani, ile ya injini ya petroli. Fundi aliyeileta alikuwa na maneno mengi, na yote ya kweli. Iwashwe nje, isiwashwe bandani, kwa kuwa moshi wake unaua kimyakimya. Petroli isiongezwe injini ikiwa ya moto, na dumu likae mbali na jiko. Mwisho akatoa kijiti cha mpera, kirefu kama mkono wa mtu mzima, akakifunga kwa kamba kwenye mguu wa mashine.

"Majani yakikwama, zima, chomoa waya wa plagi, halafu tumia hiki," alisema. "Mkono usiingie humo, hata kama imezimwa. Mashine iliyokwama imebana nguvu tumboni."

Miaka mitatu waliyashika yote hayo. Dumu la petroli lilijengewa kibanda chake peke yake, na kufuli juu. Tuliwatania, mimi nikiwa wa kwanza, kwamba mashine ile inatunzwa kuliko wakwe.

Basi nikawa na ubatizo wa mwanangu wa mwisho. Wageni wamekwisha kukaa, ugali uko motoni, mwiko mkubwa ukavunjika. Nikakimbilia kwa Tusekile, nikamkuta na wanawake wenzake uani.

"Wifi, nipe hicho kijiti nisongee ugali. Jioni nakirudisha."

Alikitazama kijiti, akanitazama na mimi. "Dada, hicho ni cha mashine."

"Kwani leo mashine inasonga ugali?"

Wanawake wakacheka. Niliona kabisa kwamba anataka kukataa. Lakini mimi ni dada mkubwa wa mumewe, na kwetu mke hamwambii wifi mkubwa hapana, tena mbele ya watu, tena kwa kijiti. Akafungua kamba, akanipa kwa mikono miwili.

Jioni ile mvua ilinyesha. Kesho yake nilikuwa nimechoka na vyombo. Siku ya tatu kijiti kilikuwa bado kimeegemea ukuta wa jiko langu, nakiona kila nikiinama kupuliza moto, na kila nikikiona nasema baadaye. Hilo ndilo nisilojisamehe. Sikukisahau, wajukuu zangu. Nilikuwa nakiona.

Siku hiyo ya tatu Tusekile alikuwa anamsuka mama yenu, Atupele, kwa ajili ya kufungua shule. Kichwa kimefika nusu, ng'ombe wakaanza kulia njaa. Ambilikile alikuwa amepeleka maziwa. Tusekile akamwambia binti yake, "Nisubiri hapo hapo, nawakatia majani, narudi kumalizia."

Majani yalikuwa mabichi na yamelowa mvua, yakaikwamisha mashine. Akaizima. Akachomoa waya wa plagi, kama alivyofundishwa. Mama yenu alimwona akiinama kwenye mguu wa mashine, akakuta kamba tupu. Akaangaza huku na huku uani. Ng'ombe wanalia. Mashine iko kimya. Akaingiza mkono.

Majani yalipoachia, visu vilizunguka nusu mzunguko tu. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vikaenda.

Nilisikia ukelele wa mtoto, nikaja mbio. Nilipofika nilijikuta nimeshika kijiti cha mpera, na hadi leo sijui nilikichukua saa ngapi. Tusekile alikiona mkononi mwangu. Laiti angenitukana.

Alilazwa wiki mbili, na wiki mbili mama yenu alitembea na kichwa kilichosukwa nusu. Walimu walimgombeza, mimi nikambembeleza, akakataa asiguswe. "Mama amesema nimsubiri." Aliporudi, mtoto akaenda moja kwa moja kukaa magotini pake. Tusekile akajaribu. Nywele zikamponyoka, akajaribu tena, zikamponyoka. Ndipo alipolia.

"Dada," akaniambia, "kaa wewe. Mimi nitakuelekeza kwa mdomo."

Nikasuka. Vidole vyangu ni vya jembe, mistari ikapinda, na mama yenu akaenda shule hivyo hivyo.

Miezi ikapita. Kijiti kilikwisha kurudi kwenye kamba yake. Siku moja mama yetu mzazi, mkwe wa Tusekile, akapita uani akakiona. "Mkwe wangu, niazime hicho nitegemezee mgomba."

Tusekile akapiga magoti, kama inavyompasa mkwe, ule mkono ameuficha ndani ya khanga. "Mama, kijiti cha mashine hakiazimwi."

Alikuwa hajawahi kumkatalia mkubwa. Mama akageuka kunitazama, akingoja nimkemee wifi yangu. Nikashindwa kuinua uso.

"Ndaga, mwanangu," mama akamwambia Tusekile. Asante. Akaenda kutafuta mti mwingine.

Tangu hapo neno hilo likatembea. Mkubwa akiomba kile kinachokulinda, unamwambia hivyo, naye haruhusiwi kukasirika. Mfuniko ule wa kisima ndio unaowazuia ninyi msitumbukie mkicheza, na mama yenu anajua nusu siku inatosha.

Tusekile aliliweza neno hilo mbele ya mkwe wake. Natamani angeliweza siku ile, mbele yangu, wanawake wakicheka. Kijiti cha mashine hakiazimwi.