Tanuri Lisilo na Joto

Hebu fikirini kiwanda cha kusubu vyuma, na katikati yake tanuri jipya linalonguruma hadi mabati ya paa yanatetemeka. Aliyelifunga ni Sikudhani, fundi wa matanuri. Mwenye kiwanda, tajiri Chambuso, alikuwa ameketi kando akijipepea.

"Nilitaka tanuri la kuyeyusha chuma bila kutoa joto," alisema. "Joto linaniharibia kanzu. Lisipopoa kabla ya adhuhuri, sanduku lako la zana litabaki hapa."

Bila zana zake Sikudhani asingekuwa fundi tena. Hata hivyo alitabasamu.

"Mbona ni la baridi, tajiri. Ila matanuri haya yana tabia moja. Joto lake humwingia mtu mmoja tu, yule anayeiba sukari ya chai ya wafanyakazi."

Wafanyakazi walitazamana. Sukari yao ilikuwa ikipungua kila wiki.

"Kweli bwana," alisema Mzee Pongwa, mchanganyaji wa udongo wa kalibu za kumiminia chuma. "Mimi meno yanagongana." Mwenzake akaomba blanketi.

Kisha wote wakamgeukia Chambuso, ambaye jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni.

"Nawe tajiri, unasikia joto?" Sikudhani aliuliza kwa upole.

"Joto gani?" alijibu Chambuso. "Haya ni machozi ya baridi. Nileteeni sweta."

Sikudhani alibeba sanduku lake, akaaga. Hadi leo tajiri huingia kiwandani na sweta. Nanyi mkimkuta, tafadhali kumbukeni jambo moja tu: msimwambie avue.