Fundo la Bugota

Kamba huokoa ilipofungwa. Ndivyo wanavyosema watu wa ufukwe wa Lutare, mwendo mfupi kutoka mjini Mwanza, na siku hizi hata maseremala na walimu wa hesabu wanaitumia methali hiyo.

Asubuhi moja vijana waliokuja kujifunza kuendesha jetiski, zile pikipiki za majini, walikuwa wakianika majaketi yao ya kuelea. Mama Kija, mtunza ghala, akapita na funguo zake. Akaona kamba nyekundu imezungushwa kwenye usukani wa chombo kimoja. Hakugomba. Alisema maneno hayo matatu tu, akaingia ghalani.

Msichana aitwaye Nyabise akamgeukia mwalimu wao, Mzee Bugota. "Babu, Mama Kija ametupiga fumbo gani?"

"Si fumbo, ni methali. Na tena ina wenyewe." Mzee akakalia ndoo iliyopinduliwa, akanyoosha mguu mmoja. "Ndani yake yumo kijana mmoja mwenye kichwa kigumu, aitwaye Bugota. Nitasimulia habari zake kama za mtu baki, maana mimi na yeye tuliachana zamani. Mengine nilisimuliwa na Mama Kija mwenyewe."

Vijana wakacheka, wakasogea. Methali hii, akasema, ilianza hivi.

Miaka thelathini na miwili nyuma, Lutare palikuwa na banda moja la nyasi na jetiski mbili kuukuu. Mwenye vyombo alikuwa Misana. Aliyeviendesha ni mdogo wake, Bugota, na hakuna aliyeweza kumfikia kwa kukata kona. Mke wa Misana, Milembe, alikuwa na mtoto wa miezi minane, Kija. Kwa kuwa Milembe ndiye aliyeaminika kwa kuchagua, ndiye aliyetumwa mjini kununua vifaa kabla ufukwe haujafunguliwa kwa wageni.

"Shemeji, usisahau redio," Bugota alimwambia akipanda gari. "Ile inayofungwa mbele, isiyoingia maji. Na miwani ya kioo. Na stika za ndimi za moto, mbili mbili."

"Redio ya nini?"

"Tukipita, watu wajue tumepita."

"Na ukianguka, redio itakuja kukuchukua?"

"Mimi sianguki, shemeji. Wanaoanguka ni abiria."

Dukani Milembe alikaa hadi muuzaji akachoka naye. Kila jaketi alilivaa, akakaza mikanda, kisha akamwambia muuzaji, "Sasa nishike hapa mabegani, uninyanyue." Muuzaji akaangalia huku na huku, akaona aibu. "Ninyanyue, baba, sikuumi." Jaketi la kwanza lilipanda hadi masikioni, akalivua. La pili likafika kidevuni, akalivua nalo. Hakuwa amesoma popote habari za majaketi. Alijua tu kwamba mbeleko ikilegea, mtoto hashuki polepole, anachomoka. La tatu lilipovutwa, lilimnyanyua yeye mwenyewe. Akachukua la namna hiyo kwa saizi zote, hata za watoto. Yalikuwapo ya bluu yenye mistari ya kupendeza, ila yeye akataka ya rangi ya chungwa. Bluu ndani ya ziwa nani ataiona?

Akachukua kamba ya kuvutia chombo, lakini ile inayoelea, maana inayozama huenda ikanyonywa na injini. Akachagua filimbi zisizo na kigololi ndani. Muuzaji akamwambia zile za kigololi ndizo za waamuzi wa mpira, zina mlio mtamu. Milembe akatumbukiza moja ndani ya kikombe cha maji, akaitoa, akapuliza. Kigololi kiliganda, ikatoka pumzi tupu.

Mwisho akachukua kamba mbili nyekundu zilizojikunja kama waya wa simu ya mezani. Hizo ni za kuzimia injini. Ncha moja huchomekwa kwenye swichi, nyingine dereva huivaa mkononi. Akianguka, kamba inachomoka pamoja naye, injini inazimika, na chombo kinamngoja. Redio hakununua. Stika hakununua.

"Kikapu kizima, shemeji, hakuna hata kitu kimoja cha kupendeza," Bugota alisema.

"Wewe unatosha kupendeza," Milembe akamjibu.

Kesho yake asubuhi wakatoka kuvijaribu vifaa. Milembe alisema hawezi kumvalisha mgeni kitu ambacho yeye mwenyewe hajakizamisha. Akamnyonyesha Kija mpaka akasinzia, akamkabidhi kwa mama mkwe wake. "Nitarudi hajaamka," akasema. Misana alikuwa amekwenda kutafuta mafuta na ile jetiski ya pili ilikuwa imefunguliwa injini, vipande vyake vimetandazwa juu ya gunia.

Wakiwa majini hadi magotini, Milembe akaiona ile kamba mpya. Bugota alikuwa amechomeka ncha moja kwenye swichi kama inavyotakiwa. Ile ya kuvaa mkononi alikuwa ameifunga kwenye usukani, fundo safi, limekazwa kwa meno.

"Hii si ya mkononi?"

"Ya mkononi, ndiyo. Lakini shemeji, ukitingishika kidogo tu, inachomoka, injini inazima, unaanza kuhangaika na swichi huku watu ufukweni wanakucheka. Hapa imekaa salama. Haipotei."

Milembe akafungua kinywa, kisha akasikia kutoka bandani mtoto akikohoa usingizini. Akahesabu dakika zake. Akaona asibishane, watarudi upesi. Akapanda nyuma, akakaza jaketi lake, akamkazia na yeye la kwake kwa nguvu hata Bugota akaguna.

Nami nawaambia, wajukuu zangu, pale ndipo wote wawili walipokosea. Mmoja kwa kiburi, mwingine kwa haraka.

Walikwenda vizuri mpaka mbele ya kisiwa cha Nyamaswi. Hapo meli ya mizigo ilikuwa imepita, na mawimbi yake yakaja kwa ubavu, matatu yanafuatana. La kwanza Bugota alilikata. La pili akalirukia kwa sifa. La tatu likawakuta bado wako hewani.

Milembe alipoibuka, jaketi lilikuwa limemshika kifuani kama mikono ya mtu. Bugota aliibuka hatua chache pembeni, anatema maji. Na jetiski ilikuwa hapo hapo, imesimama wima, haina jeraha, inaunguruma taratibu.

"Umeona?" Bugota akasema akicheka. "Kama farasi aliyefundishwa."

Akaogelea kuifuata. Ilipobaki kama urefu wa mtumbwi mmoja, upepo ukaisogeza. Injini nayo ilikuwa haijazimwa, inasukuma kidogo kidogo. Haikukimbia, la. Ilitembea tu, kama mbuzi anayejua unataka kumkamata. Bugota akaongeza kasi, nayo ikageuka ubavu, ikaenda. Mara tatu mkono wake ulikaribia kuigusa. Kisha ikapata upepo wa nyuma, ikaondoka moja kwa moja, ile kamba nyekundu ikining'inia usukanini.

Alirudi kwa Milembe anahema kama mfua vyuma. Ufukwe wa Lutare ulikuwa mstari mwembamba wa kijani. Nyamaswi ilikuwa karibu zaidi, mawe yake yanang'aa, lakini mkondo ulikuwa ukiwapitisha pembeni.

"Naifuata tena," Bugota akasema. "Jaketi hili ndilo linalonizuia, haliachi mikono ipige maji. Nalivua, naikamata, nakuja kukuchukua."

"Huvui."

"Shemeji, mimi nimezaliwa kwenye maji haya."

"Na mimi nimezaa. Usinieleze habari za kuzaliwa."

Bugota alikuwa amekwisha shika kifungo cha kwanza, kikalia tak. Milembe akamfikia, akakirudisha. Bugota akakifungua tena.

"Unanipotezea muda. Inaenda!"

"Iende. Ile ni chuma, haina mama. Wewe nitamwambia nini mama yako, na sasa hivi ameshika mwanangu mikononi? Nimwambie nimerudisha jaketi?"

Mkono wa Bugota haukutoka kwenye kifungo. Milembe akaona maneno hayatamtosha mtu huyu. Akavua kitambaa alichojifunga kichwani, kitambaa kirefu cha pamba, akapitisha ncha moja kwenye mkanda wa jaketi lake, nyingine kwenye mkanda wa jaketi la Bugota, akafunga yale mafundo mawili ambayo mama hufungia mbeleko anapokwenda safari ndefu.

"Sasa nenda," akasema. "Ukienda unanivuta."

"Shemeji, umenifunga kama mbuzi wa mnada."

"Mbuzi wa mnada huwa hai."

Ndipo akatoa filimbi. Alipuliza mara tatu, akanyamaza akihesabu hadi ishirini, akapuliza tatu. Bugota alimwambia hakuna atakayesikia. Akapuliza. Akamwambia watu watadhani ni ndege. Akapuliza. Jua likawa juu ya vichwa vyao, kisha likaanza kuegemea. Milembe hakuwa na saa, ila matiti yake yalianza kujaa na kuuma, akajua Kija ameamka. Maziwa yakachuruzika ndani ya jaketi, yakaingia ziwani. Hakulia. Kila uchungu ulipomjia, aliupuliza.

Bugota alikuwa ameacha kusema. Ile kufukuzana na jetiski ilikuwa imemmaliza nguvu zote, na maji aliyokunywa yalimrudia, akatapika. Baridi ikampanda, meno yakagongana. Kisha macho yakaanza kufumba, na wimbi likawa linamsukuma kumtenga na mwenzake. Kila lilipomsukuma, kitambaa kikakaza, kikamrudisha.

"Bugota. Niambie stika zile zilikuwa za rangi gani."

"Nyekundu," akasema kwa sauti ya usingizi.

"Na nini tena?"

"Na njano kidogo. Pembeni."

"Tutazinunua. Fumbua macho uniambie tutazibandika wapi."

Kisiwani Nyamaswi wanawake walikuwa wakianika dagaa juu ya mawe na kugonga mabati kufukuza ndege. Mkubwa wao alikuwa bibi mmoja aitwaye Nyanjige. Aliinua mkono, mabati yakanyamaza.

"Sikilizeni. Tatu. Kimya. Tatu."

"Ni ndege, bibi," wakamwambia.

"Ndege gani anajua kuhesabu?"

Akapanda juu ya jiwe refu, akaweka kiganja juu ya macho, akaona vitone viwili vya rangi ya chungwa vimekaribiana. Mtumbwi ukasukumwa. Wanawake wanne walipiga makasia, na yeye Nyanjige alikaa mbele akiwaelekeza kwa kidole. Walipowafikia, walitaka kumvuta Bugota kwanza, wakashindwa kuelewa kwa nini mwanamke naye anakuja.

"Tumefungwa pamoja," Milembe akasema. "Tuvuteni hivyo hivyo."

Walikunywa uji wa moto Nyamaswi, wamefunikwa khanga. Bugota alipopata rangi, akaulizia jetiski. Wanawake wakamwonyesha upande wa pili wa kisiwa, na Nyanjige akawaongoza. Ilikuwa imejiegesha ndani ya magugu maji, mafuta yamekwisha, haina hata mkwaruzo. Kamba nyekundu ilikuwa vile vile, ncha moja kwenye swichi, nyingine usukanini.

Bibi akaigusa, akaivuta. Haikulegea.

"Hii ni ya nini?"

Bugota akamweleza, akiangalia chini. Ni ya kumwokoa dereva akianguka.

"Nani alifunga fundo hili?"

"Mimi, bibi."

"Fundo zuri. Limekaza kweli." Akakizunguka chombo chote polepole, akakipapasa ubavu kama mtu anayenunua ng'ombe. "Basi usiilaumu kamba, mjukuu wangu. Imefanya kazi yake. Kamba huokoa ilipofungwa. Wewe uliifunga kwenye chuma, na chuma hiki hapa, kizima."

Kisha akakitazama kitambaa kilichokuwa bado kinaning'inia kwenye mkanda wa jaketi la Bugota, fundo lake limevimba kwa maji.

Mtumbwi uliwafikisha Lutare alasiri. Kija alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, bibi yake anazunguka naye mchangani, na Misana amesimama majini hadi kiunoni akiangalia ziwa. Milembe hakusalimia mtu. Alikaa pale pale kwenye mchanga uliolowa, akavua jaketi, akampokea mwanawe. Bugota alikaa pembeni yake na ile kamba, aliyoiburuta mpaka ikatoka kwenye ncha ya usukani fundo likiwa halijafunguka. Fundo lilikuwa limekataa, akalifungua kwa meno, kidogo kidogo, mpaka fizi zikatoa damu. Alipomaliza akaivaa mkononi, hapo nchi kavu, bila chombo.

"Unakwenda wapi?" Milembe akamuuliza.

"Siendi popote, shemeji. Naizoea."

Hapo Mzee Bugota akaukunja mguu wake. Vijana wakauangalia mkono wake wa kushoto, wakaona alama nyeupe imezunguka kifundo cha mkono, kama ya mtu aliyevaa saa miaka mingi, na hakuwahi kuvaa saa.

Mlango wa ghala ukafunguka. Mama Kija akatoka na filimbi mkononi, anaikung'uta maji. "Bado mmekaa? Jua hilo litawaacha."

Nyabise alikuwa amekwisha simama. Alikwenda kwenye kile chombo, akaizongoa kamba kutoka usukanini, akaivaa, akaivuta mara mbili kuona kama inashika. Mama Kija akamtazama kutoka mlangoni.

"Nani amekuambia?" akamuuliza.

"Bibi wa Nyamaswi," Nyabise akajibu. "Kamba huokoa ilipofungwa."